Sura ya Tisa: Betri ya Jumatano

Betri ilikuwa nzima, na hilo ndilo lililomkosesha Inspekta Kimeu raha. Ilikuwa imelala kwenye chaja tangu jana, na asubuhi hii ya Jumapili, alipofungua vifuniko vyake na kunyonya maji ya kila chumba kwa kile kipimo cha kioo, boya lilielea mahali pazuri, chumba baada ya chumba. Betri mbovu haina tabia hiyo. Betri mbovu huwa na chumba kimoja kilichooza kama jino, na hicho kimoja huwaponza wenzake wote. Hii ilikuwa na njaa tu. Imelishwa, imeshiba.

"Basi, afande?" aliuliza Sajini Muthengi, ambaye alikuwa ameegemea ukuta wa stesheni akimtazama.

"Basi kuna kitu kilikuwa kinainyima chakula," Kimeu alisema, akainama tena chini ya boneti.

Gari lenyewe lilikuwa Pijo 504 nyeupe, mali ya marehemu Mutinda, mnunuzi wa ndengu kutoka Katangi. Alhamisi jioni Mutinda aliondoka kwake kuja Machakos alale kwa shemeji yake anayeishi Mumbuni, ili Ijumaa asubuhi awe kortini kutoa ushahidi katika kesi ya ng'ombe wa wizi. Hakufika. Alikutwa kwenye korongo, katikati ya safari, gari limezima na taa zimekufa, mwenyewe amelala kando ya tairi la mbele na kichwa kimepasuliwa. Hapo kando yake palikuwa na spana yenye alama ya rangi nyekundu, na kila mwenye gari mjini aliijua alama hiyo. Ilikuwa ya Ramzi, fundi wa umeme wa magari wa Mumbuni. Ramzi huyohuyo, siku chache kabla, alikuwa amelifungia Pijo altaneta, ile mashine inayoichaji betri, iliyotoka kwa gari lingine, na watu waliwasikia yeye na Mutinda wakibishana hadharani siku ya kukabidhiana.

Kuna watu wakiona gari limezima, kitu cha kwanza wanachotafuta ni mtu wa kufungwa, na stesheni ile ilikuwa imejaa watu wa namna hiyo. Kwao kesi ilikuwa imepikwa ikaiva. Ramzi aliharibu gari makusudi, akamfuata Mutinda, akamngoja azime, akampiga. Kesho Jumatatu angesimamishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kuua, na kosa hilo, katika nchi hii, mwisho wake ni kamba. Mkuu wa stesheni alimpa Kimeu siku hii moja tu, tena kwa shingo upande, akamwonya asimtafute jioni kwa mambo ya waya kwa sababu usiku ni fainali ya Kombe la Dunia na yeye ana wageni.

Nje ya kaunta, kwenye benchi la saruji, mke wa Ramzi alikuwa ameketi tangu alfajiri. Jina lake Safiya. Alikuwa ameleta pilau kwenye hotpoti, akaambiwa aionje kwanza mbele ya askari, kama desturi ilivyo, mahabusu wasije wakaletewa sumu. Akaonja. Kisha akaambiwa asubiri, na mpaka sasa alikuwa bado anasubiri, hotpoti mapajani.

Kimeu alirudisha betri mahali pake, akakaza vichwa vya waya, akawasha injini. Ikashika mara moja. Akaweka mita juu ya betri na kungoja. Gari linalochaji hupandisha mshale mpaka volti kumi na nne hivi, ukae hapo. Huu ulisimama chini ya kumi na tatu, na alipowasha taa kubwa ukaanza kuteremka polepole. Betri ilikuwa ikitoa tu, haipewi kitu.

Akafuata njia yake hatua kwa hatua, maana alikuwa amefanya kazi karakana ya polisi kabla ya kuhamishiwa upelelezi na hakuwa na haraka ya kumpendeza mtu. Mkanda wa feni aliubonyeza kwa kidole, ulikuwa umekaza vizuri. Waya wa ardhi kutoka betri hadi chasi ulikuwa safi. Waya mnene kutoka altaneta ulikuwa mzima, hakuna mahali umekatwa wala kuungua. Kilichobaki kilikuwa ule waya mwembamba unaotoka kwenye dashibodi. Altaneta za aina hii haziamki zenyewe. Huamshwa na umeme kidogo unaopitia kwenye ile taa nyekundu ya betri, iliyo mbele ya dereva. Ukifungua swichi taa huwaka, injini ikinguruma taa huzima, na hapo altaneta imeshaamka na inafanya kazi.

Alizima injini, akafungua swichi tena bila kupiga stata, akatazama. Taa ya oili iliwaka. Taa ya betri haikuwaka.

"Imeungua," Muthengi alisema kutoka dirishani. Hakuwa ameitwa.

Kimeu aliinama chini ya usukani. Alipenyeza mkono nyuma ya dashibodi, akapapasa, akavuta kile kikombe cha plastiki kinachoshika glopu. Kilikuwa kimerudishwa mahali pake vizuri, kimekazwa kabisa. Ndani yake hamkuwa na kitu. Glopu ikiungua hubaki palepale, nyeusi, imekufa. Hii ilikuwa imetolewa na mtu, na mtu huyo alikuwa mtaratibu, kwa sababu hata mkwaruzo hakuacha. Bila glopu altaneta hailetewi umeme wa kuiamsha, na bila glopu vilevile hakuna taa ya kumwambia dereva kwamba betri inakufa. Jambo moja dogo lilikuwa limeua gari na limeziba mdomo wake. Taa ikiwaka, hata mtoto atauliza. Isipowaka, nani atauliza?

Akatoa glopu kama hiyo kwenye gari lake mwenyewe, akaipachika, akawasha. Mshale ulipanda mpaka kumi na nne na kitu, ukakaa.

Muthengi aliguna kwa kuridhika. Alisema sasa kazi imekwisha, kwa sababu mkulima hawezi kujua jambo kama hilo, wala mwalimu, wala mfanyabiashara wa ndengu.

"Anayejua ni fundi peke yake," alisema. "Afande, umemtafutia kamba wewe mwenyewe."

Kilichomuudhi Kimeu ni kwamba sajini alikuwa na haki ya kusema hivyo. Alikuwa amekuja kutafuta mlango wa kumtolea Ramzi, na sasa ameongeza komeo.

Alikwenda seli. Ramzi alisimama alipomwona, mtu mwembamba wa miaka arobaini hivi, vidole vyeusi kwa grisi ambayo haikuwa imetoka tangu Ijumaa. Kimeu hakumzungusha.

"Fundi, ukitaka altaneta ile isichaji, na mwenye gari asijue, utafanya nini?"

"Nitatoa ile glopu ya dashibodi." Ramzi alijibu kama mtu aliyeulizwa bei, kisha akatambua amesema nini. Uso wake ukawa wa majivu. "Imetolewa?"

"Imetolewa."

"Basi nimejikaanga na mafuta yangu." Akaketi chini. Halafu akaanza kueleza. Siku anamkabidhi Mutinda gari taa ilikuwa inawaka. Alimwonyesha. Alimwambia siku isipowaka ukifungua swichi, ulirudishe. Kimeu akamuuliza walikuwa wanabishana nini. Ramzi alisema walikuwa wanabishana juu ya TV. Kule Katangi hakuna stima, na tangu Kombe la Dunia lianze, ndugu yake Mutinda alikuwa akichomoa betri kila jioni kuipeleka nyumbani watu waone mpira, asubuhi anairudisha. Ramzi alimwambia wazi kwamba waya zitalegea, na zikilegea lawama itamrudia fundi. Mutinda akamwambia awache kumtawalia nyumba. Spana alikuwa ameisahau palepale kando ya betri siku hiyo, ndani ya boneti, na alikuwa akingoja gari lirudi aichukue.

"Nani mwingine anajua siri ya glopu?"

"Hakuna siri, afande. Kila niliyemfungia altaneta hivyo nilimweleza. Lori moja la mchanga, gari la padri, na hiyo Land Rover yenu hapo nje. Wenu walisimama hapo wakiangalia."

Kimeu aliagiza Ramzi apewe chakula chake. Muthengi alipomuuliza anaenda wapi, akamwambia anaenda Katangi matangani na gari lilelile la marehemu, aone kama litachaji njia nzima. Hakuona sababu ya kumficha sajini wake. Baadaye alijilaumu kwa hilo.

Pijo lilikwenda bila kikohozi. Pale korongoni Kimeu alipunguza mwendo. Barabara iliteremka ghafla katikati ya miamba, ikavuka mchanga wa mto mkavu, ikapanda tena. Hapakuwa na nyumba hata moja ya kuonekana. Mtu akipiga kelele hapo atasikiwa na mbuzi. Swali lililokuwa likimsumbua Kimeu tangu mwanzo ni jinsi muuaji alivyojua gari litazimia mahali pabaya kama hapa, na sasa alipopapita aliona kwamba muuaji hakuhitaji kujua. Barabara nzima ni ya namna hiyo. Alichohitaji ni kuwa nyuma, taa zake zimezimwa, angoje za mwenzake zififie.

Matanga yalikuwa makubwa. Turubai lilikuwa limefungwa kutoka paa la nyumba hadi kwenye lori la ndengu la marehemu, wanawake wako kwenye masufuria, wazee kwenye viti vya kanisa. Walipoona gari la Mutinda likiingia likiendeshwa na mtu mwingine, watu walisimama, na mama mmoja akaanza kulia. Mjane, Kamanthe, alikuja mwenyewe kumpokea. Kimeu akamwinamia, akamwita mama kwa Kikamba.

"Pole, mwaitu. Nimekuja na gari kwa sababu nataka kujua lilimfanyia nini."

Kamanthe alimpeleka ndani, ambako shemeji yake Kiema alikuwa amejilaza kwenye mkeka bila viatu. Kiema alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Kwenye kona ilikuwepo TV ndogo nyeusi-nyeupe, nyaya zake mbili zenye vibanio zikining'inia bila kitu. Kiema hakungoja kuulizwa.

"Ni mimi nilimuua," alisema. "Muandike tu. Muachilie huyo fundi."

Kimeu aliketi sakafuni karibu naye. Alimuuliza alimuua vipi. Kiema akasema kwa TV. Betri ilikuwa inaliwa na TV kila usiku, akaonywa, akaziba masikio, na Alhamisi asubuhi gari likakataa kuwaka mpaka likasukumwa na wanaume. Ndugu yake aliipeleka betri sokoni ikachajiwe kwa jenereta, lakini kumbe haikushiba. Angekuwa hakuiwasha TV Jumatano, Mutinda angefika Machakos. Alisema haya yote akitazama ukuta, na Kamanthe, aliyekuwa mlangoni, hakumkanusha. Ilionekana wazi kwamba nyumba nzima ilikuwa imeshakubaliana hivyo, fundi au TV, na kwa wengine vyote viwili.

Kimeu alikuwa na dada zake wanaoona TV kwa betri, na alijua kitu kimoja ambacho kila mtu wa huku anakijua. TV ya betri haizimi ghafla. Betri ikianza kuchoka, picha hujikunja kutoka kando, inakuwa ndogo, ndogo, mpaka wachezaji wanakimbilia ndani ya kiwanja cha ukubwa wa kitabu, halafu ndio inakwenda. Ile TV kwenye kona ilikuwa mita, tena mita iliyosomwa na kijiji kizima kila usiku.

"Niambie mpira, Kiema. Jumanne uliona nini?"

Kiema aligeuka kumtazama kwa mara ya kwanza. "Brazil na Uholanzi."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka penalti. Ilikuwa usiku wa manane. Watu walijaa hapa mpaka dirishani."

"Na picha?"

"Picha ilikuwa imejaa kabisa. Hadi penalti ya mwisho."

"Jumatano?"

"Jumatano ni Ufaransa. Hata kipindi cha kwanza hakijaisha, picha ikajikunja. Bao hatukuona. Watu walienda kwao wakinitukana."

Kimeu aliipanga kichwani siku kwa siku. TV ni ileile, betri ni ileile. Jumanne usiku ilibeba mpira wote, dakika za nyongeza na penalti juu yake, kwa hiyo mchana wa Jumanne gari lilikuwa likichaji, glopu iko, kazi ya Ramzi ni safi. Jumatano usiku haikufika mapumziko. Basi Jumatano mchana kutwa betri ilitumika bila kulishwa. Glopu ilitolewa siku hiyo. Na Ramzi, Jumatano, alikuwa Mumbuni chini ya lori la mchanga mbele ya watu, hilo lilikuwa limeshahakikishwa na askari wenyewe.

"Kiema," alisema polepole. "TV haikumuua ndugu yako. Ungeiwasha au ungeiacha, gari lingezima tu. Betri ilikuwa imeshanyimwa kabla wewe hujaigusa."

Kijana alifunika uso kwa mikono yote miwili akalia kwa sauti, na Kamanthe akaja akamshika bega. Kimeu aliwangoja. Kisha akauliza Jumatano gari lilikuwa na nani.

Kamanthe alimshangaa. "Si lilikuwa na nyinyi?"

"Sisi nani, mwaitu?"

"Polisi. Land Rover yenu iliishiwa mafuta hapa sokoni. Akaja yule sajini, akasema serikali inaomba gari siku moja. Mzee hakutaka. Lakini serikali utaiambia hapana?"

Jambo hilo halikuwa la ajabu. Hakuna mwenye gari wilaya nzima ambaye hajawahi kuombwa kubeba askari, mahabusu au maiti kwa sababu stesheni haina mafuta, na hakuna anayekataa. Kamanthe alisema sajini alilirudisha jioni. Alikuwa mpole, alikunywa chai. Alipokuwa akiondoka alimuona Kiema akifungua boneti kutoa betri, akamtikisia kichwa, akamwambia hiyo TV itakuja kuwaua.

"Alisema hivyo?" Kimeu aliuliza.

"Kwa maneno hayo," alijibu Kiema. "Ndiyo nilikuwa naona alinionya, nikakaidi."

Msimu huu, betri ikifa Ukambani, hakuna anayeuliza imekufaje, kila mtu ataangalia TV. Sajini aliijua desturi hiyo, akaificha kazi yake ndani yake, kisha akawaachia wenyewe maelezo mkononi wayatumie. Spana ilikuwa inamngoja kando ya betri. Kimeu alimuuliza Kamanthe mumewe alikuwa anakwenda kusema nini kortini. Mama akasema aliwaona wale ng'ombe, waliosemekana wamepotea mikononi mwa polisi, wakipakiwa lori alfajiri, na alimwona aliyekuwa akiwapakiza. Jina hakumtajia mkewe. Alisema atalitajia hakimu.

Kimeu alikwenda mbio hadi kibanda cha simu sokoni. Konstebo Nzembi, aliyekuwa kaunta, alipokea.

"Mshukiwa asitoke seli," Kimeu alimwambia. "Kwa amri ya mtu yeyote."

"Lakini afande, si umeagiza mwenyewe? Sajini amesema unawangoja korongoni. Ati mshukiwa akakuonyeshe mahali alipompigia."

"Wametoka na nani?"

"Sajini peke yake. Wengine wote wameshaenda kutafuta mahali pa kuonea mpira."

Kimeu alirudi matangani na kumwambia Kiema awashe lori la ndengu, apakie kila mtu, wazee, wapishi, wanakwaya, wote, wamfuate korongoni. Hakueleza zaidi. Alikuwa hana bastola, maana hakuna anayebeba silaha kwenda kuhani msiba. Aliendesha Pijo kama mwizi.

Jua lilikuwa limeinama alipofika. Land Rover ya stesheni ilikuwa imesimama kwenye mchanga, palepale Mutinda alipoangukia, na Muthengi alikuwa ameegemea tairi, bunduki begani. Kimeu alitafuta maiti kwa macho kwanza. Halafu akaona vichwa viwili ndani ya Land Rover, kwenye viti vya nyuma. Ramzi alikuwa amekaa na pingu mikononi, na kando yake, amejibana naye, mkono wake umepitishwa katikati ya pingu kama kufuli, alikuwa Safiya.

"Mama huyu amekataa kushuka," Muthengi alisema akitabasamu bila furaha. "Aliruka ndani tukiondoka. Nimembembeleza, nimemtisha, wapi."

"Mume wangu hajala," Safiya alisema. "Sishuki mpaka ale."

Hakuwa akimtazama sajini. Alikuwa akimtazama Kimeu, na macho yake yalisema anajua kabisa wameletwa pale kufanywa nini. Ramzi alikuwa hai kwa sababu moja tu, kwamba mwanamke huyu amekaa pale alipokaa na hang'oki. Mfungwa mmoja aliyejaribu kutoroka anaelezeka kwa mkuu wa stesheni. Mfungwa na mkewe ni vigumu zaidi, lakini giza lilikuwa linakuja, na sajini alikuwa na muda wa kufikiri.

Kimeu alizima Pijo, akashuka akifunga mlango kwa hasira, akafungua boneti. Alilalamika kwamba gari limegoma kuchaji tena, kwamba safari yote imekuwa ya bure. Alitaka Muthengi aone mtu aliyechoka.

"Kule wamesema nini?" sajini aliuliza.

"Watasema nini? TV. Yule ndugu yake analia ati ni yeye amemuua. Kesho tutampeleka fundi kortini, yaishe."

Muthengi alipumua. Mabega yake yalishuka. "Kijana mjinga," alisema. "Nilimwambia hiyo TV itawaua, akaona ni mzaha."

Muthengi mwenyewe ndiye aliyesikia alichosema, kwa sababu katika taarifa zote za kesi hii hakuwa ameandika wala kutamka kwamba amewahi kukanyaga boma la Mutinda. Alimtazama Kimeu. Kimeu alijitahidi kutazama betri, lakini alikuwa amechelewa. Bunduki ilitoka begani polepole, ikaja mikononi.

"Afande," Muthengi alisema kwa upole, "sogea kule walipo wenzako."

Kimeu hakusogea. Alimwambia, kwa sauti ya kawaida, kwamba watu watatu ni wengi. Muthengi akasema fundi ana nguvu, fundi aliua mara moja, fundi anaweza kunyang'anya askari bunduki. Alikuwa ameshaitunga. Ramzi alifumba macho akaanza kusoma dua, na Safiya akamkumbatia kwa nguvu zaidi.

Ndipo lori liliposikika. Lilikuja likinguruma kutoka upande wa Katangi, likateremka korongoni taa zimewaka, limejaa watu wamesimama mpaka kwenye vyuma vya juu. Hawakuwa wakiimba. Lilisimama nyuma ya Pijo, na watu wakaanza kushuka mmoja mmoja, na kila aliyeshuka aliinama mchangani akaokota jiwe. Muthengi aliwaelekezea bunduki, kisha akaiona idadi yao, akaishusha kidogo.

Kamanthe alipita katikati yao, amejifunga leso nyeusi. Alimkaribia sajini mpaka karibu sana.

"Ni huyu," aliwaambia watu kwa Kikamba, kisha akarudia kwa Kiswahili ili Safiya naye asikie. "Ndiye aliyekuwa na gari Jumatano. Chai yangu alikunywa."

Watu walisogea. Walisogea bila kelele, kutoka pande zote mbili za barabara, na duara likawa dogo. Muthengi alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagonga Land Rover. Kimeu aliwahi kumwona mwizi wa ng'ombe akizungukwa namna hiyo, na aliikumbuka hali ya mwizi huyo watu walipotawanyika.

"Afande," Muthengi alisema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Afande, wewe ni polisi. Utaacha wanifanye hivi?"

"Nipe bunduki na funguo za pingu."

Alivitoa vyote viwili upesi, kama mtu anayetupa kaa la moto. Kimeu alitoa risasi zote bundukini zikaanguka mchangani, akamfungua Ramzi, pingu zilezile akamfunga sajini. Watu walikuwa bado na mawe mikononi. Kimeu alisimama mbele ya Muthengi akawaambia kwamba Mutinda alikuwa na jina la kumtajia hakimu, na kwamba jina hilo litatajwa kesho asubuhi ikiwa tu mwenye jina yu hai. Hakuwa na hakika watamsikiliza. Walimtazama Kamanthe. Yeye alimtazama sajini, kisha akafungua kiganja na kuliacha jiwe lake lianguke.

Ramzi alikuwa ameshatua chini, anamwita mkewe. Safiya alibaki palepale kitini. Alimngoja sajini asukumwe ndani ya Land Rover, aketishwe mahali pale pale mumewe alipokuwa ameketi. Hapo ndipo aliposhuka, na mlango ukapigwa komeo nyuma yake.